"Kamati imeshapitisha": dhana potofu kuhusu mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji

Kwenye ofisi ya mipango ya halmashauri ya wilaya, popote Tanzania Bara, sentensi hii husikika mpaka masikio yanaota sugu: "Kamati imeshapitisha." Mwenyekiti wa kijiji huja nayo akidai hati za kimila, mtendaji huiandika kwenye barua, mwekezaji huitamka ramani ikiwa mkononi.

Kamati ya Usimamizi wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji haipitishi kitu. Inashauri. Inatembea na timu ya wilaya kukagua mipaka, inakusanya maoni ya vitongoji, inaandaa mapendekezo ya wapi pawe mashamba, wapi malisho, wapi makazi na msitu, kisha inayapeleka Halmashauri ya Kijiji. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, halmashauri hiyo ndiyo mamlaka ya upangaji kijijini. Nayo haimalizi peke yake: mpango sharti uende Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, ndipo upande halmashauri ya wilaya na baadaye Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Kugawa ardhi ni hivyo hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa kipande chochote kabla Mkutano Mkuu haujaridhia. Sasa kama halmashauri yenyewe imefungwa mikono, kamati yake itagawa kwa mamlaka gani?

Mkanganyiko unatokana na wingi wa vyombo. Watu walewale wanane au kumi huchaguliwa huku na huku, wakikaa chini ya mwembe uleule, na wananchi hawajui leo wamevaa kofia ipi. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, nayo inasimamia. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha wagombanao. Kamati ya matumizi ya ardhi inashauri na kufuatilia. Anayekaa vyombo vyote vitatu atashauri Jumatatu, ataamua Jumatano, na Ijumaa atasuluhisha ugomvi alioufanya mwenyewe.

Uharibifu unaonekana kwenye muhtasari. Faili huletwa na muhtasari wa kikao cha kamati, nyuma yake imebanwa karatasi ya mahudhurio ya mkutano wa ujenzi wa zahanati. Mlalamikaji mmoja akienda nayo barazani, mpango wote unayumba. Muhtasari unaosimama ni wa Mkutano Mkuu wenyewe: tarehe, ajenda ya mpango ikiwa imetangazwa kabla, mahudhurio yaliyoandikwa kwa kitongoji na kusainiwa, waliokubali wangapi, waliokataa wangapi, na hoja zao. Waliokataa waandikwe! Muhtasari usio na sauti hata moja ya kupinga humtia shaka kila anayeusoma.

Na ramani isomwe kwa alama za mahali: kutoka korongo fulani hadi mbuyu fulani, ukifuata barabara ya mnadani. Ukiwaonyesha watu karatasi yenye kijani na njano, watapitisha rangi. Siku kigingi kinapochimbiwa ndipo mtu atagundua kwamba njano ile ni shamba la baba yake. Tarehe nayo ina maana yake. Mkutano wa kiangazi, wafugaji wakiwa wamehama na mifugo, utapitisha mpango usio na mapito ya ng'ombe, na mvua zikirudi ng'ombe watapita palepale walipozoea kupita, mahindi yakiwemo.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi.

"Mkishapima, ardhi inakuwa ya serikali." Hapana. Ardhi ya kijiji iliyopangwa hubaki ardhi ya kijiji. Kuihamishia kwenye ardhi ya jumla, yaani ile isiyo chini ya kijiji, ni mchakato mwingine kabisa, wenye taarifa rasmi, na eneo lisilozidi hekta 250 lina uamuzi wa Mkutano Mkuu kukubali au kukataa. Kinachokiacha kijiji wazi ni kutokuwa na mpango wala mipaka inayojulikana.

"Tuna Cheti cha Ardhi ya Kijiji, basi kila mtu ana hati." Cheti ni cha kijiji kizima na kinathibitisha mipaka yake na majirani. Hati ya hakimiliki ya kimila ni ya mtu, familia au kikundi, na huombwa kipande kwa kipande. Hapo hapo, majina ya mume na mke yaandikwe yote mawili. Mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo ya 1999.

"Malisho ni ardhi iliyobaki." Hii inakera. Malisho ni ardhi ya pamoja, inayoandikwa kwenye daftari kama mashamba yanavyoandikwa, na hairuhusiwi kumegwa kumpa mtu. Ardhi ya akiba, inayotunzwa kwa matumizi ya baadaye, ni fungu jingine. Anayeanza na mashamba kisha akawapa mifugo mabaki atapata vipande visivyofika majini. Anza na maji: weka lambo, josho na mahali mifugo inapolamba chumvi kwenye ramani, unganisha kwa mapito, ndipo ugawe kilichosalia. Maji yakiwa kijiji cha jirani, sheria inaruhusu makubaliano ya pamoja. Kule Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao kwa njia hiyo chini ya jina la OLENGAPA.

"Tumeshatunga sheria ndogo, tutoze faini." Bado. Sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe. Faini iliyotozwa kabla ya hapo itarudishwa, na mkosaji atatembea kifua mbele. Wakati mnasubiri, mita 60 kutoka ukingo wa mto zinalindwa tayari na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

"Ramani imebandikwa ofisini, kazi imekwisha." Mwongozo wa Tume una hatua sita, na ramani ya mpango inapatikana ya nne. Ya tano ni hati, ya sita ni usimamizi wenyewe. Fedha za mradi hukatika mara nyingi baada ya ya nne, kwa hiyo bajeti ya vigingi, mabango na posho ya ukaguzi itengwe kabla timu ya wilaya haijawasha gari. Kamati ikague mipaka ya malisho kila msimu kabla ya trekta la kwanza kuingia shambani, iandike ilichokikuta, na ripoti isomwe kwenye Mkutano Mkuu wa kila miezi mitatu.