Nyumba ya wosia: manispaa inapoachiwa jengo la kale

Nyumba ya wosia ni nyumba ambayo mwenyewe ameagiza iende kwa mtu au chombo fulani akishafariki. Hapa tunazungumzia ile inayoachiwa halmashauri: nyumba ya zamani ya Ujiji yenye baraza ya nje na mlango wa nakshi, au tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, pembezoni mwa Tabora, ndugu wa ile ya Kwihara ambako wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa 1872. Asiandike mtu kwamba anaiachia “jiji”. Tabora na Kigoma-Ujiji ni manispaa, na jina la mpokeaji likikosewa, ndugu wamepata pa kushikia.

Wosia huchanganywa sana na hiba na wakfu. Hiba hutolewa mtoaji angali hai, na hukamilika mpokeaji anapokabidhiwa. Wakfu huifunga mali: haiuzwi wala hairithiwi, kinachotumika ni manufaa yake tu. Wosia hauna nguvu mpaka mwenye mali afe, na hadi siku hiyo anaweza kuubadilisha au kuuchana. Diwani anayetangaza “tumepewa nyumba” wakati mzee bado anakunywa kahawa barazani ametangaza jambo ambalo halijatokea.

Kwa Muislamu kuna mpaka wa theluthi. Kwanza hutolewa gharama za maziko na madeni. Wosia hauvuki theluthi moja ya kinachobaki, ila warithi wakiridhia baada ya kifo. Chukua mfano. Mali yote ni shilingi milioni 180, maziko na madeni milioni 30, zimebaki milioni 150. Theluthi yake ni milioni 50. Nyumba peke yake imethaminiwa milioni 90. Warithi wakikataa kuachia milioni 40 zilizozidi, manispaa inapata sehemu 5 kati ya 9 za nyumba, na zile 4 ni za warithi wa marehemu. Kuna umiliki mgumu kuliko huo? Mmoja anataka makumbusho, mwingine anataka fremu za maduka, na paa linavuja juu ya wote wawili. Kwa hiyo uthamini wa mali nzima ufanyike mapema, mwenye nyumba akiwa hai, kisha achague: apunguze wosia, au atoe hiba ya kweli kwa kukabidhi sasa.

Jambo la pili ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Anachoacha marehemu ni haki ya kuitumia, pamoja na jengo. Angalia hati imebakiza miaka mingapi, kodi ya pango la ardhi inadaiwa kiasi gani, na kama kweli kuna hati au ni barua ya toleo tu, ile ya kupewa kiwanja kabla ya hati, iliyokaa kabatini. Wosia wenyewe hauhamishi jina. Mahakama humthibitisha msimamizi wa mirathi, msimamizi husajiliwa kwa msajili wa hati, ndipo anapohamisha kwenda halmashauri. Njia ya mkato hapa huzaa kesi.

Halmashauri nayo hailazimiki kupokea. Kabla ya madiwani kupiga kura, apelekwe mhandisi pamoja na fundi anayezijua kuta za udongo, na wakague wakati wa masika, maana kiangazi kila paa ni zima. Waanzie juu: boriti zimeliwa na mchwa kwenye ncha zinapoingia ukutani? Kisha washuke hadi chini ya ukuta, hapo ndipo unyevu hujificha.

Kosa linaloua nyumba hizi ni plasta ya saruji. Ukuta wa udongo hufyonza maji na kuyatoa. Ukifunikwa kwa saruji hayana pa kutokea, udongo unalainika ndani huku nje panang’aa. Baada ya misimu michache plasta inabanduka na kipande cha ukuta. Plasta inayofaa ni ya chokaa, ndoo 1 kwa ndoo 3 za mchanga safi, ipigwe kwa tabaka nyembamba na kufunikwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa ili isikauke haraka ikapasuka. Kazi ya Tabora iishe kabla ya mvua za Novemba.

Baada ya hapo ndipo swali la matumizi linapokuja, na kwa kawaida jibu la kwanza huwa makumbusho. Sisi tunalitilia shaka. Makumbusho yanahitaji mlinzi, mtunzaji na vitu vya kuonyesha, na kiingilio kwa kawaida hakitoshi kulipa mishahara. Ofisi nazo hutoboa kuta na kugawa vyumba. Mara nyingi kinachoshika ni mchanganyiko: chumba kimoja cha historia ya mtaa, vingine vipangishwe kwa mkataba unaokataza kubomoa, na kodi iingie kwenye kasma, yaani fungu la bajeti, ya matengenezo ya nyumba hiyo, isimezwe na matumizi mengine.

Mlango utazamwe peke yake. Milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hivyo ipigwe picha na kupimwa siku ya kwanza ya mirathi, kabla wanunuzi hawajafika.

Anayeandika wosia asikomee kwenye “isiuzwe kamwe”. Sharti hilo bila fedha huiacha halmashauri na nyumba isiyouzika wala kutengenezeka. Aongeze fremu moja au mbili za kulipia paa, kama theluthi inaruhusu, na ataje nyumba iende wapi iwapo halmashauri itashindwa: kwa mfano bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Na kama mjane anakaa humo, iandikwe atakaa hadi lini, na nani atalipa fundi wakati huo.