Mahakama ya The Hague si ya rufaa kwa Marekani

Wengi bado wanaamini kwamba aliyeshindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani anaweza kukata rufaa The Hague. Hawezi, kwa sababu Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, Uholanzi, husikiliza mashauri baina ya mataifa tu. Mwaka 2004, katika shauri lililofunguliwa na Meksiko, iliamua kwamba Marekani ipitie upya kesi za raia wa Meksiko waliohukumiwa kifo bila kuelezwa haki yao ya kuwasiliana na ubalozi wao mdogo. Uamuzi huo uliifunga Marekani kama taifa. Lakini mwaka 2008, katika kesi ya José Medellín, mmoja wa raia hao aliyehukumiwa kifo jimboni Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba hauzifungi mahakama za Texas mpaka Bunge la Marekani litunge sheria ya kuutekeleza. Bunge halikuitunga, na, kwa masikitiko makubwa, hukumu ya kifo dhidi ya Medellín ilitekelezwa Agosti mwaka huohuo.