Je, wajua kwa nini macho ya wanyama huwaka mbele ya taa ya baiskeli?

Anayeendesha baiskeli usiku kwenye barabara ya udongo inayopita kando ya kinamasi, iwe ni kule Bigodi karibu na Msitu wa Kibale nchini Uganda au katika vijiji vya wavuvi vya Mfereji wa Kazinga, huona jozi za nuru zikiwaka ndani ya mafunjo na kuzimika ghafla, kana kwamba kuna watu wanaovuta sigara na kuzificha viganjani. Mnyama hana taa kichwani. Nuru anayoiona mwendeshaji ni yake mwenyewe, iliyotoka kwenye taa yake na kumrudia.

Nyuma ya jicho la kila mnyama mwenye uti wa mgongo kuna retina, yaani utando wenye seli zinazopokea mwanga. Kwa binadamu, mwanga ambao seli hizo zimeshindwa kuunasa hupita na kumezwa na rangi nyeusi iliyo nyuma yake, ukapotea. Wanyama wengi wanaohitaji kuona gizani wana tabaka jingine mahali hapo, linaloitwa tapetamu, ambalo hufanya kazi kama kioo: mwanga uliopita bila kunaswa hurudishwa upite kwenye retina kwa mara ya pili. Kwa swala na ng'ombe tabaka hilo limefumwa kwa nyuzi za kolajeni, na kwa mamba limejaa chembe za guanini, dutu inayoakisi mwanga. Mwanga unaosalia baada ya safari hizo mbili hutokea mbele ya jicho, na huo ndio tunaouona. Faida hiyo ina gharama yake, kwa kuwa mwanga unaorudi hutawanyika kidogo na kuipunguzia picha ukali wake. Ndiyo maana wanyama wa mchana, wasio na haja ya kuchuma kila chembe ya mwanga, kwa kawaida hawana tapetamu.

Lakini jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba jicho hilo hurudisha mwanga kwa njia ileile uliyoijia. Kwa hiyo anayeuona mng'ao ni yule tu ambaye macho yake yako karibu na taa. Mwenye tochi iliyofungwa kwenye paji la uso huona macho mengi kuliko mwenye taa iliyo chini ya usukani, na mwenzake anayetembea hatua chache pembeni huenda asione chochote, akadhani anatiwa hofu bure. Baiskeli za zamani zenye dainamo, ambayo huwasha taa kwa kuzungushwa na gurudumu, huongeza kiini macho kingine: mwendeshaji akipunguza mwendo ili atazame vizuri, taa hufifia, na macho yaliyokuwa yakimkodolea hutoweka. Sishangai kwamba usiku wa kinamasini umezaa hadithi nyingi za mashetani.

Si kila mkazi wa kinamasi anayewaka. Mbega wekundu, wanaowavutia wageni wengi Bigodi wakati wa mchana, hawana tapetamu, ilhali komba, jamaa yao wa mbali anayeruka mitini usiku, macho yake huwaka kama makaa. Kirukanjia hupenda kutua katikati ya barabara na kuonekana kama kaa moja jekundu lililodondoka, hadi gurudumu linapomkaribia ndipo huruka. Hata buibui wawindaji wa ardhini hurudisha vimulimuli vidogo kutoka kwenye nyasi, ingawa matone ya umande huweza kumdanganya mtu vilevile. Nzohe, yule swala mwenye kwato ndefu zilizochanuka kwa kutembelea matope, huonekana hivyohivyo, macho mawili yasiyo na mwili ndani ya mafunjo. Kuhusu mamba wa Mto Nile, watafiti huwahesabu usiku kwa kurunzi, wakifuata macho mekundu juu ya maji. Rangi pekee haitoshi kumtambulisha mnyama, kwa sababu hubadilika kadiri pembe ya kutazama inavyobadilika. Kimo cha macho kutoka ardhini, nafasi iliyo kati yake na namna yanavyosogea husema zaidi.

Anayestahili kuogopwa kuliko wote ni kiboko. Ngozi yake hupoteza maji haraka juani, hivyo husubiri giza ndipo atoke majini kwenda malishoni, na kwa usiku mmoja anaweza kula takriban kilo 40 za nyasi, akipita njia zilezile ambazo mara nyingi hukatiza barabara za watu. Akiwa ameinamisha kichwa akila, au amempa mwendeshaji mgongo, hakuna jicho la kurudisha nuru, na mbele ya taa huonekana giza tupu. Kwa hiyo wanaoijua njia husikiliza mlio wa nyasi zinazokatwa, na wakiusikia hushuka na kurudi nyuma taratibu, wakijihadhari wasikae kati yake na maji.