Uvimbe wa neva wenye seli mchanganyiko si lazima uwe saratani

Ule ujumbe wa kwenye magrupu umerudi tena: eti majibu ya maabara yakisema uvimbe wa neva una "seli mchanganyiko", basi ni saratani. Si kweli. Ala inayofunika neva ina aina kadhaa za seli, na uvimbe mmoja usio wa saratani unaweza kubeba aina mbili, kwa mfano seli za Schwann, zinazozunguka nyuzi za neva (uvimbe wake huitwa shwanoma), na seli za perinyuriamu, tabaka linalofunika mafungu ya nyuzi hizo (uvimbe wake huitwa perinyurioma). Maabara hukata kipande chembamba mno na kukipima kwa kingamwili, yaani protini zinazonata kwenye protini fulani za seli: ile ya protini S100 huzipa seli za Schwann rangi, mara nyingi kahawia, na ile ya protini EMA huzipa rangi zile za perinyuriamu. Nadhani neno "mchanganyiko" ndilo linalotisha. Soma hitimisho la ripoti, muulize daktari wako. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.