Crown ya Belfast: baa yenye vyumba vya kujisitiri

Ukipita Great Victoria Street, mjini Belfast, Ireland Kaskazini, ukaona jengo limevikwa vigae vya rangi toka chini, nguzo zikimetameta, huenda ukadhani ni jumba la tamthilia. Ni baa: Crown Liquor Saloon (crown ni taji), mojawapo ya baa za enzi ya Malkia Victoria zilizohifadhiwa vizuri kuliko nyingi.

Awali iliitwa Railway Tavern, kwa kuwa ng'ambo ya barabara palikuwa na stesheni ya treni. Mwaka 1885 Patrick Flanagan akaipamba upya. Inasimuliwa kwamba waliomfanyia kazi ni mafundi wa Kiitalia waliokuja kujenga makanisa ya Kikatoliki mjini, nao wakaja kwake baada ya saa za kazi. Ukitazama vioo vya rangi na mbao zilizochongwa, utaona kwa nini watu wanaisadiki hadithi hiyo.

Mapambo hayo hayakuwa anasa tu. Kodi ya vioo ilifutwa mwaka 1845, vioo vikubwa vikawa nafuu. Vigae vinafutika moshi na bia kwa kitambaa. Zaidi ya hayo, mwenye baa alishindana na jirani yake kuwavuta wateja.

Kwangu mimi, uhondo wote uko kwenye vyumba vidogo vya mbao vilivyopangwa mkabala na kaunta. Viko kumi, vimeandikwa herufi A hadi J, kila kimoja na mlango wake, huku simba na wanyama wa kubuni waliochongwa wakilinda viingilio. Ndani mna vibamba vya madini vya kuwashia viberiti, na kengele ya kumwita mhudumu. Mteja aliingia, akafunga mlango, akanywa bila kuonwa.

Kwa nini ajifiche? Belfast ulikuwa mji wa wapinga pombe wakali. Mwaka 1829 mchungaji John Edgar alimwaga wiski yake dirishani, na kampeni yake ikaenea. Mwanamke, au mtu wa heshima zake, hakutaka kuonekana amesimama kaunta. Fundi seremala akalitatua suala hilo kwa mbao.

Sakafuni mlangoni kuna taji la vigae vidogo. Husemwa kwamba mke wa Flanagan ndiye aliyetaka jina la kifalme, naye mume, mzalendo wa Ireland asiyeutaka utawala wa Uingereza, akakubali mradi taji likanyagwe na kila aingiaye. Mimi naichukulia kama porojo tamu ya baa.

Miaka ya machafuko kati ya waliotaka kuungana na Ireland na waliotaka kubaki chini ya Uingereza iliiumiza baa hii. Hoteli ya Europa, iliyofunguliwa 1971 mkabala nayo, ililipuliwa kwa mabomu mara nyingi, na vioo vya Crown vikavunjika pamoja nayo. Mwaka 1978 shirika la uhifadhi la National Trust liliinunua na kuikarabati. Taa za gesi zimebaki, na bado ni baa ya kawaida, si jumba la makumbusho. Asiyegusa pombe aagize soda. Vigae ni vilevile.