Maandamano au vurugu? Anza na kitenzi

Kila muhula huwapa wanafunzi wangu wa uandishi wa habari, hapa Arusha, picha moja isiyo na maelezo. Barabara ya lami, watu wapatao mia mbili, mabango matatu ya kudai maji, tairi linaloungua pembeni, na kwa mbali gari la polisi. Nawaambia waandike kichwa cha habari. Muhula uliopita binti mmoja aliandika "Wananchi waandamana kudai maji". Kijana aliyekaa naye dawati moja akaandika "Vurugu zaibuka, matairi yachomwa". Nilipowauliza wamejuaje, binti alinyoosha kidole kwenye mabango, kijana akanyoosha kwenye tairi. Kila mmoja alikuwa ameshika kona moja ya picha akaifanya jina la picha nzima. Na tairi moja lilikuwa limeshazaa mengine.

Zamani kosa hilo lilikuwa letu sisi watu wa magazeti na redio. Leo kila mwenye simu ni mhariri. Anapiga picha Ngarenaro au Majengo ya Moshi, anaandika neno moja juu yake, na kabla hajafika nyumbani neno hilo limeshafika Songea. Ndiyo maana naona jambo hili ni la kila mtu.

Tuanze na maneno yenyewe, maana Kiswahili kinasema mengi kuliko tunavyokisikiliza. Maandamano yanatokana na kuandamana, watu kufuatana wakaenda pamoja. Tunasema maandamano ya Mei Mosi, maandamano ya Jumapili ya Matawi, maandamano ya wahitimu wakiingia ukumbini. Ndani ya neno hilo hamna hasira wala jiwe. Vurugu imetoka kwenye kuvuruga, kama mtu anavyovuruga maji ya kisima hadi tope likapanda juu. Neno linamdai mvurugaji hata usipomtaja. Fujo ina undugu na kufuja. Linalonisumbua zaidi ni machafuko. Bahari huchafuka, hali ya hewa huchafuka, tumbo huchafuka, na hakuna anayeulizwa kwa nini ameichafua bahari. Ukisoma "Machafuko yaua wawili" umepewa maiti wawili na hakuna mkono uliowaua.

Vitenzi navyo vina siri zao. Duka limevunjika. Duka limevunjwa. Vijana wamevunja duka. Risasi ilifyatuka, risasi ilifyatuliwa, askari alifyatua risasi. Hatua tatu hizo zinatutoa kwenye giza mpaka mchana kweupe, na mara nyingi mwandishi huchagua aishie hatua ipi kulingana na anayempenda. Nimehariri habari ambazo jiwe lina mrushaji lakini risasi haina mpigaji. Nimehariri na nyingine, za upande wa pili, ambazo risasi ina mwenyewe ila duka la mfanyabiashara liliungua lenyewe. Zote mbili zinamdhulumu msomaji kwa kipimo kilekile.

Sheria zetu, kwa kweli, zinatenganisha mambo haya vizuri kuliko vichwa vya habari. Ibara ya 20 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa hiari na kwa amani na kutoa mawazo hadharani. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 74, inaeleza kusanyiko lisilo halali: watu watatu au zaidi wakikusanyika kwa nia ya kutenda kosa, au kwa lengo lao la pamoja wakaenenda kwa namna inayowatia walio jirani hofu ya msingi kwamba amani itavunjwa. Kusanyiko hilo linapoanza kutekeleza lengo lake kwa kuvunja amani na kuwatia watu hofu, hapo ndipo sheria inapoliita ghasia. Litazameni neno "linapoanza". Ghasia kisheria ni hatua, ina saa yake na mahali pake. Haiwi sifa ambayo watu walizaliwa nayo au walitoka nayo nyumbani asubuhi.

Hapo hapo kuna mkanganyiko mwingine ambao nausikia hata kwa watu wasomi: "maandamano yasiyo na kibali". Katika kesi ya madai namba 5 ya mwaka 1993, aliyoifungua Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu alikataa sharti la kibali, akaona linapingana na Katiba. Kilichobaki ni taarifa, ambayo hupelekwa polisi angalau saa 48 kabla. Polisi wanaweza kuzuia kwa sababu za usalama, na atakayekaidi atajibu kwa kukaidi. Lakini maandamano yaliyozuiwa yanabaki kuwa maandamano yaliyozuiwa. Hayageuki ghasia kwa sababu ya karatasi. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ufafanuzi wake wa mwaka 2020 kuhusu haki ya kukusanyika kwa amani, iliongeza jambo ambalo ningependa kila mhariri alibandike ukutani: vitendo vya ukatili vya watu wachache havipaswi kubebeshwa wengine waliokuwepo, wala waandaaji, wala mkusanyiko wote.

Arusha tuna kumbukumbu zetu. Januari 5, 2011, CHADEMA walifanya maandamano mjini kwetu kutokana na mgogoro wa uchaguzi wa meya. Polisi walikuwa wameyazuia, wakatumia mabomu ya machozi na risasi za moto, na watu watatu wakauawa. Februari 27, 2024 chama hichohicho kiliandamana katika jiji hilihili na siku ikapita kwa amani. Anayeyatupa matukio hayo mawili kwenye kapu moja la "vurugu za siasa Arusha" hajaeleza lolote. Agosti ya mwaka huohuo wa 2024, maelfu ya Wamaasai walikaa kwa siku kadhaa barabarani Ngorongoro, mbele ya magari ya watalii, wakidai huduma zao na haki ya kujiandikisha kupiga kura mahali wanapoishi. Barabara ilizibwa, ni kweli. Kuziba barabara ni usumbufu, na usumbufu una jina lake ambalo si vurugu.

Hata jina la kikosi cha polisi cha FFU kwa Kiswahili, Kikosi cha Kutuliza Ghasia, linatuponza bila sisi kujua. Mtu akiona magari yao yamepangwa Mnara wa Saa anaondoka na hakika kwamba ghasia zipo, maana wanaozituliza wamekuja. Kwa hiyo andika kwamba kikosi kimefika, kisha andika kilichoonekana kabla hakijafika na baada ya kufika.

Majina haya hukaa miaka mingi. Mwaka 1937, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, wakulima wa kahawa walikataa kulazimishwa kuuza kahawa yao yote kupitia KNCU, chama chao cha ushirika, na wengine wakaharibu maghala. Katika maandishi ya wakoloni, na baadaye katika vitabu vya wanahistoria, jambo hilo limebaki na jina la ghasia za kahawa za Moshi. Maghala yaliharibiwa, hilo halifutwi. Ila jina limesimama mlangoni pa hoja nzima: mkulima alikuwa akiuliza kwa nini asiuze zao lake anapotaka. Anayefungua faili linaloitwa ghasia haingii akitafuta swali la mkulima. Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto walipokataa kufundishwa kwa Kiafrikana na polisi wakawapiga risasi, serikali ya makaburu iliita ghasia na ikaunda tume yenye neno hilo. Leo tarehe hiyohiyo watoto wetu wanaimba jukwaani, nasi tunaiita Siku ya Mtoto wa Afrika.

Sasa tumo ndani ya jambo letu wenyewe. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, watu waliingia barabarani katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa nchi nzima, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, na watu walikufa. Wapo walioita maandamano, wapo walioita vurugu, na tume iliyo chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipewa kazi ya kuchunguza "uvunjifu wa amani". Jina la tatu hilo nalo lina uzito wake: linatanguliza kwamba kuna aliyevunja, na linaacha wazi ni nani. Mtaani kwangu kuna mama ambaye kijana wake alikamatwa akitoka kazini siku zile. Aliachiwa bila shitaka. Lakini jirani mmoja alishamtaja kwenye kundi la WhatsApp kuwa "mmoja wa wale wa vurugu", na mpaka leo kijana akipita dukani watu hupunguza sauti. Mahakama haikumhukumu. Alihukumiwa na nomino.

Nisieleweke kwamba nataka kila kitu kiitwe maandamano kwa heshima. Anayechoma kituo cha mafuta haandamani, na anayebeba magunia ya mchele ya mama wa sokoni Kilombero anaiba. Kuuficha wizi huo ndani ya neno zuri ni kumwibia yule mama mara ya pili, tena ana shida nyingine: bima ya moto ya kawaida mara nyingi huacha nje hasara za ghasia na migomo mpaka uwe umeongeza kipengele chake. Kama duka lako linaungua leo, neno litakaloandikwa kwenye ripoti linaweza kuamua ulipwe au usilipwe. Wenye maduka, someni hati zenu kabla ya siku hiyo.

Hesabu pia huvimba pamoja na jina. Baada ya ghasia za Detroit, Marekani, mwaka 1967, magazeti yaliandika hasara ya dola milioni 200 hadi 500. Makadirio yaliyofanywa baadaye kwa utulivu yalishuka hadi milioni 45 hivi au pungufu. Tume iliyochunguza ghasia za mwaka huo, ikiongozwa na Otto Kerner, iliyasema hayo mwaka 1968. Mkuu wa zimamoto huwa anahesabu majivu baada ya siku tatu. Sisi tunataka jibu jioni ileile.

Kwa hiyo ninachowafundisha wanafunzi ni hiki: jina liwe la mwisho. Kwanza nani, kisha alifanya nini, saa ngapi, wapi, na wewe umejuaje. Ikiwa watu walitembea kwa amani kuanzia saa tatu mpaka saa sita, na saa sita na nusu kundi la vijana wapatao ishirini likavunja duka, una habari mbili, na kila moja ina watu wake. Usipojua aliyefyatua, sema mtu alipigwa risasi na aliyempiga hajajulikana. Kitenzi cha kuishia na "-ka", kama kuvunjika, kufyatuka na kuchafuka, kiachie bahari.

Yule kijana wa tairi alirudi wiki iliyofuata na karatasi mpya. Hakuwa ameweka kichwa cha habari kabisa. Alikuwa ameandika: "Wakazi wapatao mia mbili wamesimama barabarani wakiwa na mabango matatu ya kudai maji. Pembeni mwa barabara linaungua tairi moja. Gari la polisi lipo nyuma yao. Aliyewasha tairi haonekani pichani."