Mgonjwa wa kitandani nyumbani: maswali ninayoulizwa tukiwa tunafungua bandeji

Mimi ni muuguzi, na siku zangu nyingi zinaishia kwenye chumba cha kufungia vidonda. Wanaoniumiza moyo si wa ajali za bodaboda. Ni wazee waliopata kiharusi, wakaruhusiwa kurudi nyumbani ngozi ikiwa nzima, kisha wakaletwa tena baada ya wiki chache wakiwa na shimo juu ya makalio linaloingia ngumi. Maswali haya ndugu zao huniuliza wakiwa wamesimama kando ya kitanda, pua zimezibwa kwa mtandio.

Mhudumu wa mgonjwa nyumbani ni nani hasa?

Ni mtu anayemsaidia mgonjwa mambo ambayo angejifanyia mwenyewe kama nguvu zingekuwepo: kuoga, kupiga mswaki, kula, kwenda haja, kuvaa, kugeuka kitandani, kutembea hatua mbili tatu. Anamkumbusha dawa na anatoa taarifa akiona mabadiliko. Basi. Hachomi sindano, haongezi wala hapunguzi dawa ya presha, haingizi mpira wa mkojo wala wa puani. Wengine huniambia, "Si kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii?" Huyo hupita kaya kwa kaya, anaelimisha na kutoa rufaa. Ni msaada mkubwa, na umwite aje, lakini hawezi kukaa kwako kutwa kumlisha mama yako.

Tutajuaje kwamba tumefika mahali pa kutafuta mtu?

Nijibu swali moja: nani anamgeuza saa 8 usiku? Mkianza kutazamana, mnahitaji mtu. Na kama mke wa miaka 70 ndiye anayemnyanyua mume wa kilo 80 kutoka kitandani hadi kwenye kiti, tafuteni leo, kabla hamjawa na wagonjwa wawili.

Dada wa kazi hawezi kuifanya hiyo kazi?

Anaweza, akifundishwa, akilipwa kwa kazi hiyo, na akipunguziwa nyingine. Ninachokiona mimi ni tofauti. Binti anaamka saa 11 alfajiri, anawaandaa watoto wa shule, anafua, anapika, anadeki, halafu anaambiwa "na babu usimsahau". Babu akitoka kidonda, wa kwanza kufokewa ni yeye.

Kuna mzee aliletwa kwa bajaji akiwa amefungwa kitambaa kilichomwagiwa manukato ili abiria wenzake wasisikie harufu. Nilipouliza kidonda kilianza lini, binti yake alisema siku tatu. Dada wa kazi alikuwa nyuma yake ameshika mfuko wa pampasi. Akasema polepole, "Nilimwambia mama tangu wiki ile ya mwezi uliopita, mgongo wa babu umekuwa mweusi. Akasema ni joto." Kimya kikatanda. Hakuna aliyembishia.

Lakini alama ndogo tu, si inaweza kuwa joto kweli, au kuchubuka kwa shuka?

Hapana. Kwa mtu asiyejigeuza mwenyewe, alama kwenye sehemu yenye mfupa ihesabu kuwa kidonda cha mgandamizo kinachoanza, mpaka mtaalamu akwambie vinginevyo. Nyama inabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, nyama inakufa. Mara nyingi uharibifu unaanzia chini, karibu na mfupa, na unachokiona juu ni kidogo kuliko kilichopo ndani. Ndiyo maana watu wanashangaa: "Kilikuwa kama shilingi, kimekuwaje sahani?" Kilikuwa sahani tangu mwanzo, mama. Ulikuwa unaona kifuniko.

Usikae ukisubiri wekundu, kwenye ngozi yetu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipozidi weusi au penye rangi ya zambarau, penye joto au ubaridi kuliko ngozi ya jirani, pamekuwa pagumu au tepetepe, au ambapo mgonjwa anakunja uso ukipagusa. Angalia juu ya makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, mabega, viwiko na kisogo. Visigino ndivyo vinavyosahaulika, kwa sababu wengi hawavui soksi za mgonjwa.

Tusubiri siku ngapi kabla ya kumleta?

Sifuri.

Hata kama ngozi haijachanika?

Hata kama haijachanika. Hapo ndipo ninapokutaka uje, kwa sababu hapo ngozi bado inaweza kurudi ikiondolewa uzito. Ikishachanika tunahesabu wiki na miezi. Kikifika mfupani, au maambukizi yakiingia kwenye damu, tunahesabu mengine. Ukiona alama leo, leo hiyo hiyo mwondoe kwenye upande huo, na leo hiyo hiyo nenda kituo cha afya au mpigie muuguzi aliyewaruhusu. Usingoje kliniki ya mwezi ujao, wala mjomba atoke safari, wala mshahara.

Tulishauriwa tufungue kapso za antibayotiki tumwagie unga wake. Kuna ubaya?

Upo, na nimechoka kuukwangua. Ule unga unagandamana na usaha, unafanya gamba la njano, chini yake nyama inaendelea kuoza huku nyumbani mnafurahi kwamba kidonda "kimekauka". Msimwagie unga, dawa ya meno, majivu wala spiriti. Hata ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu inaua nyama mpya inayojaribu kuota. Na jambo moja ambalo watu wema hulifanya kwa upendo: kusugua na kukanda alama kwa mafuta ya moto. Mishipa ya hapo imeshaumia, ukikanda unaipasua zaidi. Kile kimpira cha duara cha kukalia nacho kiondoeni, kinabana damu pembeni mwa kidonda.

Safisheni kwa maji safi ya chumvi kama mlivyoonyeshwa, funikeni kwa gozi safi (kile kitambaa cha kufungia vidonda), mje.

Sasa tumgeuze vipi?

Kila baada ya saa mbili kitandani, usiku na mchana. Akiwa kwenye kiti, asipitishe saa moja bila kuinuliwa kidogo au kuegemezwa upande mwingine. Usimlaze moja kwa moja juu ya nyonga, huko nako kuna mfupa. Mlaze kiubavu nusu, mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, na mto mwembamba chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro.

Usimburute. Kila ukimburuta ngozi inabaki na godoro, mwili unakwenda. Kunja shuka au kitenge kigumu, kipitishe chini ya kiuno, watu wawili washike kila mmoja upande wake, mnyanyue, msogeze. Godoro la upepo ni zuri kwa mwenye uwezo, ila halimgeuzi mgonjwa. Nimeshapokea vidonda vilivyotokea juu ya magodoro ya bei kubwa.

Pampasi ikilowa ibadilishwe, isingoje ijae. Na wekeni daftari kando ya kitanda: saa, upande aliolazwa, nani kamgeuza. Daftari lisiloandikwa usiku linaniambia kila kitu.

Akilia akigeuzwa, msimwachie kwa huruma. Tuambieni, tutapanga dawa ya maumivu inywewe kabla ya zoezi.

Anapaliwa akila. Ni kawaida kwa aliyepooza?

Hutokea sana, lakini si ya kuzoea. Akalishwe wima, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo umpe kingine, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Anayekohoa kila akinywa, au sauti yake inakuwa kama ina maji, aletwe apimwe umezaji. Na tafadhali, uji wa bomba la sindano kwa mtu aliyelala chali muuache. Unaingia mapafuni.

Tukitaka kumwajiri mtu, tumuulize nini?

Msimuulize sana, mwoneni akifanya. Mpe mito miwili na shuka, mwambie akugeuze wewe mwenyewe. Ndani ya dakika tano utajua. Anayejitambulisha kuwa muuguzi akuonyeshe leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na asiyekuwa nayo asiguse sindano. Mwambieni mshahara, siku za mapumziko, na nani atashika zamu akiwa hayupo. Muulizeni na mgonjwa pia. Mzee aliyekuwa mwalimu mkuu anaweza kukataa kuoga wiki nzima kwa sababu tu mmemletea binti wa rika la mjukuu wake, na nyinyi mkaita ukaidi.

Mhudumu anasema mgongo umebadilika, sisi hatuoni kitu. Tumsikilize nani?

Yeye. Ndiye anayemwosha. Wewe unamwona baba amefunikwa shuka hadi kifuani, unamsalimia shikamoo, unaondoka kwenda kazini.

Tumeiona alama sasa hivi, ni saa 3 usiku. Tungoje asubuhi?

Kama ana homa, anatetemeka, anapumua haraka, amechanganyikiwa, au kidonda kinanuka au kimekuwa cheusi, usingoje. Nenda hospitali usiku huu. Kama hana hayo, washa taa, mtoe mgongoni sasa hivi, mlaze kiubavu nusu, na usimrudishe upande ule hata kwa dakika kumi. Mgeuzeni kwa zamu mpaka kukuche, na zahanati ikifunguliwa mkutwe mlangoni. Mje na daftari, na mje na huyo anayemwosha.